Tupeane uzoefu: bibi zetu wa kijijini na yale ambayo wasifu wa msibani hausomi

Mjukuu wa Rombo
Ndugu zangu, wiki hii tumemzika bibi mmoja wa kijijini kwetu, na wasifu wake ulisomwa kwa muda mfupi kuliko matangazo ya rambirambi. Alizaliwa, aliolewa, alijaliwa watoto, wajukuu na vitukuu, aliugua, alifariki. Mumewe alipotangulia, tulisomewa nyadhifa zake zote kanisani na katika chama cha msingi cha ushirika, hadi tukachoka kusimama. Mimi nimekulia mlimani na ninajua kahawa ile ilitoka mikononi mwa nani. Bibi zetu walishuka tambarare kukata majani ya ng'ombe, wakayapandisha mlima kichwani, kisha wakachuma kahawa, wakaimenya kwa mashine ya mkono, wakaiosha na kuianika, wakikimbia kuifunika kila mvua ilipotishia. Siku ya malipo jina lililoitwa lilikuwa la babu. Naomba kila mwenye kumbukumbu ya mke, mama au bibi wa aina hiyo aiandike, maana tukingoja msiba tutasikia yaleyale.

Mama Watatu
Umesema kweli tupu, kaka. Wa kwetu naye alisomewa mistari michache, na mmoja wao ulikuwa na jina lake lililokosewa.

Mwalimu Mstaafu
Nilifundisha ngumbaru katika vijiji vya Usukumani, miaka iliyofuata baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wanawake walifika alasiri wakitoka shambani, wengine na mtoto mgongoni, na walikaa chini ya mti huku jembe likiwa ubavuni. Namkumbuka mama mmoja ambaye vidole vyake vilikuwa vigumu kwa kazi kiasi kwamba penseli ilivunjika kila alipoikandamiza. Aliichonga kwa kisu cha jikoni, akaanza upya, bila kunung'unika. Nilimwuliza kwa nini anahangaika hivyo, akanijibu kwamba anataka kusoma uzito wa pamba yake mwenyewe siku ya mizani. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, yeye ndiye aliyewasomea wenzake kijitabu baada ya kipindi cha redio kwisha, na mumewe alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Ninaamini mwanamke yule alistahili kusomewa ukurasa mzima.

Jirani Mwema
Mwalimu, shikamoo. Mkumbuke pia mwanzo wa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika. Bibi alifua nguo zetu za shule kwa majani ya mpapai, akasonga ugali wa unga wa njano tulioita unga wa Yanga, na hatukuwahi kwenda shule wachafu wala na njaa.

Binti wa Missenyi
Mwalimu, umetaja miaka ile na nimeshindwa kunyamaza. Kwetu ni kaskazini ya mto Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, babu yangu alikuwa kitandani na kidonda kikubwa cha mguu, hawezi hata kusimama. Njia nzima ilijaa watu wenye magodoro, kuku na watoto, wote wakiwahi daraja la Kyaka. Bibi alifunga nguo za watoto ndani ya kanga, akamtwisha mama yangu, ambaye wakati huo hakuwa hata amevunja ungo, akamwambia: "Wadogo zako ni wako mpaka nitakapokuja. Usiuachie mkono wa huyu mdogo." Kisha akarudi ndani kwa mumewe. Mama anasema alimwita mara nyingi na bibi hakugeuka.

Watoto walivuka pamoja na majirani. Siku chache baadaye daraja lililipuliwa, na kila aliyebaki nyuma akawa amebaki. Bibi alimburura babu juu ya mkeka hadi katikati ya kibanja, yaani shamba letu la migomba la nyumbani, akamlaza kati ya migomba na kumfunika kwa majani makavu. Usiku alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Hakuwasha moto, kwa sababu moshi ungewasaliti, hivyo walikula ndizi mbivu na chochote kilicholika kibichi. Aliwasikia askari wakiwaswaga ng'ombe na kung'oa bati za nyumba yake, naye amemziba babu mdomo kwa kiganja ili asipige kelele kwa maumivu. Majeshi yetu yaliporudi kabla ya mwaka ule kwisha, wote wawili walikuwa hai, na mama aliwakuta wamekonda kiasi cha kutotambulika.

Nilipokua nilimwuliza bibi aliwezaje kuwaacha watoto waende peke yao. Alinijibu: "Watoto walikuwa na miguu. Yeye hakuwa nayo." Mama yangu sasa ana wajukuu, na mpaka leo havuki daraja lolote bila kumshika mtu mkono.

Mama Watatu
Pole sana, mdogo wangu. Nimesoma huku nikilia. Lakini sitaficha: mimi nisingeweza. Ningekwenda na watoto, na mume angenielewa.

Mzee wa Kahawa
Huyo ndiye mke. Wanawake wa siku hizi wasome na wajifunze maana ya kiapo cha ndoa.

Dada wa Njombe
Shikamoo, mzee wangu. Kwa heshima zote, nakuomba usimfanye bibi huyu kuwa fimbo ya kuwachapia wanawake wengine. Alichagua kati ya mambo mawili ambayo hakuna binadamu anayepaswa kulazimishwa kuchagua kati yake, na Mama Watatu ana haki ya kusema angechagua vingine. Ningependa tujue jambo moja: babu alipofariki, kibanja kile alichokilinda kilikuwa cha nani?

Binti wa Missenyi
Dada, umegusa penyewe. Baada ya matanga ukoo ulikaa, wakasema bibi atatunzwa na watoto wake, ila kibanja ni cha ukoo.

Mzee wa Kahawa
Marahaba, binti yangu. Kwetu mjane hafukuzwi. Hukaa katika kihamba, yaani shamba la ukoo, mpaka mwisho wa uhai wake na hakuna anayemgusa.

Dada wa Njombe
Kutofukuzwa si kumiliki, mzee. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinasema wazi kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Ilibidi tungoje hadi mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ndipo Mahakama ya Rufani ikatamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa; nalo lilikuwa shauri la talaka, si la mirathi. Mwanamke aliyevumilia ndoa yake hadi kifo cha mumewe aliweza kujikuta na ulinzi mdogo kuliko aliyeachika, na jambo hilo linaniuma kila ninapolifikiria.

Mwalimu Mstaafu
Ninyi wawili mna hoja, lakini mwacheni binti amalize. Kikao kiliishaje?

Binti wa Missenyi
Mjomba wangu, yule mdogo aliyeshikwa mkono darajani, ndiye aliyetajwa kuwa mrithi. Alisimama mbele ya wazee akasema kwamba yeye anarithi kwa mama yake aliye hai, kwa hiyo hana haraka, na anayekitaka kibanja amshitaki yeye barazani. Hakuna aliyeshitaki. Bibi aliishi pale, akapalilia migomba yake mwenyewe, na ndipo tulipomzika.

Jirani Mwema
Mungu ambariki mjomba huyo. Wenye bibi walio hai, nendeni serikali ya kijiji mkaulizie hatimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na jina la bibi liandikwe pamoja na la babu.

Mzee wa Kahawa
Kabla ya hati, kaeni na wazee wa ukoo. Karatasi bila mapatano huleta ugomvi mpya.

Mama Watatu
Mapatano bila karatasi ndiyo yaliyomliza mama yangu, mzee.

Mjukuu wa Maswa
Mimi bibi yangu yupo, na nitakwenda kumwona mwishoni mwa wiki. Nataka aniambie maisha yake niyaandike mapema. Nianze na swali gani?

Dada wa Njombe
Mwulize alitamani kuwa nani kabla hajaolewa.

Mzee wa Kahawa
Mwulize kwanza habari za babu yako, atachangamka.

Mwalimu Mstaafu
Usimwulize lolote, kijana wangu. Kaa naye mpukuchue mahindi, na daftari liwe karibu. Gunia halitajaa kabla hajaanza kusimulia mwenyewe.