Tupeane uzoefu: wazo la changizo lenu mlilitoa wapi?

Mwenye mada

Wakuu, salaam. Kikundi chetu kina watu kumi na wanane. Tunataka kuchangisha fedha za viti mwendo kwa watoto watano ambao mpaka leo wanabebwa mgongoni na mama zao. Watoto wanakua, na migongo ya mama zao haiwezi tena.

Tumeshakaa vikao vitatu kutafuta shughuli ya kufanya, na vyote vimeishia pale pale: "tuandae tamasha". Mimi roho inasita. Ukumbi unalipiwa, vyombo vya muziki vinalipiwa, na katika sisi hakuna hata mmoja aliyewahi kuandaa tamasha. Orodha za mawazo mia moja nimezisoma mpaka basi, sizihitaji. Naomba mliowahi kufanya mtueleze: wazo lilitoka wapi, likaendaje, na nini kiliwakwamisha.

Fundi Baiskeli

Mkuu, sisi pia tulianzia kwenye tamasha. Aliyetuokoa ni mzee mmoja wa kamati, aliyekuwa kimya tangu kikao kianze. Alisema kila mtu asimame ataje kitu anachoweza kufanya kwa mikono yake. Tukaanza kucheka, lakini tukasimama. Kumbe tulikuwa na mafundi baiskeli wawili, mimi nikiwa mmojawapo, mafundi cherehani watatu, kijana anayefungua redio na simu, na mama mmoja anayenoa visu na mikasi.

Tukafanya siku ya matengenezo. Tangazo lilisema: leta kitu chako kibovu, tutakitengeneza, toa unachoweza kwenye sanduku. Kazi ilikuwa bure kwa sababu ni mikono yetu. Viraka, nyuzi na gundi tuliomba kwa watu tunaonunua kwao kila siku, wakatoa. Kwa hiyo kila kilichoingia sandukuni kilikuwa cha zahanati tuliyokuwa tukiichangia.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba watu walikaa. Mtu anasubiri zipu ibadilishwe, anaanza kuuliza zahanati ina shida gani, anarudi nyumbani kumwita jirani. Wengine walitoa zaidi ya ambavyo fundi angewatoza, kwa hiari yao.

Kilichotukwamisha ni wingi. Kufikia saa sita mchana foleni ilitushinda, na kuna watu waliondoka na vitu vyao vibovu vile vile. Iliniuma sana. Mara ya pili tuligawa namba asubuhi, na kazi kubwa tulizipokea siku moja kabla.

Mweka Hazina

Naomba niseme kuhusu tamasha, maana mimi ndiye niliyeshika daftari. Tulichapisha tiketi kabla ya kuwa na uhakika wa lolote. Tukalipia ukumbi, jukwaa na usafiri wa wasanii. Mvua ikanyesha tangu mchana. Tulipofunga hesabu usiku ule, kilichobaki wanakamati tungeweza kukichanga wenyewe jioni moja bila kumsumbua mtu. Kwenda kuwakabidhi waliokuwa wanatusubiri ni moja ya asubuhi ngumu za maisha yangu.

Tangu hapo nina masharti, na kamati inayoyakataa siingii. Gharama zipatikane kwanza, kwa kupewa vitu au kwa mtu kujitolea kuzilipa, ndipo tangazo litoke. Fedha zihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, palepale, na wote wawili watie saini. Na ndani ya wiki moja watu waambiwe zimeingia kiasi gani, zimetumika kiasi gani na zimebaki kiasi gani, hata kama hesabu inatia aibu. Sisi tulitangaza aibu yetu yote. Mwaka uliofuata watu walichangia tena, na nadhani ni kwa sababu hiyo.

Mama wa Wawili

Wazo letu lilitoka kwa watoto. Binti yangu alikuwa anasoma vitabu bila kupumzika, akauliza kwa nini watu wanadhaminiwa kwa kutembea tu na si kwa kusoma. Ikawa hivyo: kila mtoto alitafuta watu wa kumwahidi kiasi fulani kwa kila ukurasa, kwa mwezi mmoja. Bibi yake alitoa ahadi kubwa akidhani mtoto atachoka kurasa za mwanzo. Hakuchoka.

Tahadhari yangu ni kwenye ahadi. Ahadi si fedha. Tuliziacha zikae mwezi mzima baada ya kusoma kwisha, na nyingi zikapotea, si kwa ubaya wa watu bali kwa kusahau. Sasa tunakusanya ndani ya siku saba, na anayekwenda ni yule yule mtoto aliyeahidiwa, akiwa na mzazi, pamoja na daftari la vitabu alivyosoma. Ni vigumu kumwambia mtoto "rudi kesho".

Mtembea kwa Miguu

Mama, hilo limenikumbusha Tom Moore wa Uingereza. Mwaka 2020 alikuwa anakaribia kutimiza miaka 100, akaamua kuzunguka bustani ya nyumbani mara 100 akishikilia kigari chake cha kutembelea, ili achangie mashirika ya hisani yanayosaidia huduma ya afya ya taifa. Lengo lake lilikuwa pauni 1,000. Zilipatikana zaidi ya milioni 32. Simtaji ili mtu aote mamilioni, lile lilikuwa jambo la pekee na dunia nzima ilikuwa imefungiwa ndani. Namtaja kwa sababu wazo lake lilikuwa mle mle nyumbani: bustani aliyonayo, mwili alionao, na hesabu ambayo hata mtoto anaweza kuifuatilia.

Sanduku la Barua

Mimi nitaenda kinyume kidogo. Sisi hatukufanya shughuli yoyote. Tulikaa tukaandika majina ya watu sitini tunaowajua kwa sura, tukagawana, kila mmoja akaenda kwa watu wake ana kwa ana kueleza shida na kutaja kiasi kinachohitajika. Waliokataa walikuwa wachache kuliko tulivyoogopa. Wengi waliniambia hawajawahi kuombwa.

Na msidharau kidogo. Mwaka 1885 huko Marekani fedha za kujengea msingi wa Sanamu ya Uhuru zilikuwa hazijatimia. Joseph Pulitzer akaahidi kwamba gazeti lake litachapisha jina la kila atakayetoa, hata akitoa senti. Kwa miezi mitano hivi zilipatikana zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa watu zaidi ya 120,000, na wengi wao walitoa chini ya dola moja. Mtu akiona jina lake limeandikwa, anajua amehesabiwa. Sisi tulibandika orodha ya majina bila viwango, na asiyependa kuandikwa hakuandikwa.

Fundi Baiskeli

Nakubaliana nawe, ila watu sitini mnaowajua wataisha. Siku ya matengenezo ilituletea watu ambao hatukuwa tunawajua kabisa, na wengine sasa ni wanakikundi. Mimi ningefanya vyote viwili.

Kibali Kwanza

Fupi tu: mkifikiria bahati nasibu, ulizeni sheria kabla ya kuuza tiketi ya kwanza. Nchi nyingi huihesabu kuwa mchezo wa kubahatisha hata kama faida yote ni ya hisani. Sisi tulisimamishwa zikiwa zimebaki siku mbili, tukarudisha fedha za watu moja moja.

Mama wa Kiti cha Pili

Mwenye mada, nimesita kuandika lakini naandika. Mwanangu anatumia kiti mwendo. Naomba mambo mawili.

La kwanza, msiwapange watoto wale mbele ya watu ili watu wawaonee huruma. Tuliitwa kwenye shughuli kama hiyo, mwanangu akakaa mbele saa mbili akitazamwa. Alikuwa na miaka tisa na alielewa kila kitu. Nyumbani aliniuliza kama amefanya kosa. Fedha zilipatikana nyingi, sikatai, lakini lile swali bado ninalo.

La pili, kiti alichopewa siku ile kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake. Mtoto akikaa kwenye kiti kisichomtosha anapinda, na akikosa mto unaofaa anapata vidonda. Kiti kinapimwa kwa mwili wa mtoto na kwa njia anayopita, kisha kinahitaji matengenezo, na baada ya muda kingine kwa sababu amekua. Kabla hamjaweka lengo la fedha, tafuteni mtaalamu wa mazoezi ya viungo awapime wote watano. Gharama za kupima, mto na matengenezo ziwemo kwenye lengo tangu mwanzo. Kiti chetu cha kwanza kipo stoo. Cha pili ndicho anachoendea shule.

Mwenye mada

Mama, asante. Nimesoma maneno yako mara tatu na nimewasomea wenzangu. Lengo letu lilikuwa viti vitano kwa bei ya dukani, basi. Hakuna aliyekuwa amefikiria vipimo wala mito, na kwenye rasimu ya tangazo tulikuwa tumeandika kwamba watoto watakuwepo jukwaani. Nimeifuta sentensi hiyo jana usiku.

Jana pia tulifanya alichosema Fundi, kila mtu akasimama. Tuna maseremala wawili, wachomea vyuma watatu, na dada mmoja anayeshona magodoro, ambaye hapohapo aliuliza mto wa kiti mwendo unashonwaje. Tukamwambia asishone kitu mpaka mtaalamu aseme. Mimi nimepewa majina kumi ya kuwaendea ana kwa ana.

Tamasha hatujaliamua wala kulikataa. Jumamosi tunakwenda kwa mama zao kwanza, wote watano, kuwauliza wangependa tuchangisheje na watoto watajwe vipi. Kikao cha nne kitasubiri majibu yao.