Kikao cha mkopo kimerekodiwa bila ridhaa yangu, ugonjwa wa mama yangu unazunguka Moshi nzima

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza.

Niko kwenye kikundi cha kukopeshana hapa Moshi. Wenzetu wengine wanaishi Dar, kwa hiyo viongozi walihamishia vikao kwenye video. Hakuna aliyeulizwa itumike programu gani. Katibu alitupia linki kwenye grupu la WhatsApp, basi. Linki ileile kila wiki, haina hata nywila.

Mwezi uliopita niliomba mkopo wa matibabu ya mama. Nikaulizwa anaumwa nini, nikataja. Nikaulizwa madeni, nikataja mpaka ya dukani. Juzi niko Mbuyuni sokoni, dada wa meza ya jirani, ambaye si mwanachama, ananipa pole ya mama na kuutaja ugonjwa kwa jina! Kumbe kikao kilirekodiwa, rekodi ikawekwa mtandaoni, na watu wanatumiana.

Katibu ananijibu, "Si ulikiona kile kidoti chekundu?" Jamani! Kioo cha simu yangu kimepasuka, umeme ulikuwa umekatika, nalia mbele ya watu, nitafute kidoti cha kuonyesha kwamba tunarekodiwa?

Anaongeza kwamba programu ni salama, imefungwa, yaani mazungumzo yanageuzwa msimbo ambao asiye na funguo hawezi kuusoma. Funguo anazo nani? Sisi hatutumii Zoom, ila tazameni yaliyowakuta. Walijinadi kwamba mazungumzo yamefungwa mwanzo hadi mwisho, yaani walio kikaoni tu ndio wenye funguo, kumbe funguo walikuwa nazo wenyewe. FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, ikawabana mwaka 2020. Ufungaji wa kweli waliuleta Oktoba mwaka huohuo, na mpaka leo mwenye kikao asipouwasha haupo. Ukiwashwa, kurekodi kwenye seva zao, yaani kompyuta za kampuni, hakuwezekani. Sasa kikao chetu kimelala kwenye seva ya kampuni, halafu naambiwa kilifungwa!

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Afya na miamala ya fedha inaziita taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi. Mimi sikusaini popote. Mama ndiye kabisa, hata kwenye kikundi hayumo.

Nataka rekodi ifutwe na niambiwe nani wametumiwa. Nimewapa viongozi mpaka Jumapili, baada ya hapo napeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Aliyewahi kulalamika kule anielekeze, nianze na barua au kuna fomu?