Ushauri wa haraka: heda za mabomba sawa au yasiyo sawa kwa Toyota 86?

MwanaRuaha:
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota 86 ya mwaka 2013, gia za mkono, iliyotoka Japani ikiwa na kila kitu cha kiwandani. Naishi Iringa, na kila safari yangu ya Dar es Salaam lazima ipite mlima Kitonga. Naomba mnisaidie kuchagua heda za kuweka badala ya manifoldi ya ekzosi ya kiwandani (mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini): nichukue zile ambazo mabomba yake manne yana urefu sawa, au zile za urefu usio sawa? Gari halina tatizo, isipokuwa siku za karibuni naliona zito kidogo mlimani, na fundi wangu ameniambia kwamba heda zitalipatia pumzi. Ningeomba majibu kabla ya Ijumaa, kwa sababu jambo hili linaninyima usingizi.

Ngurumo:
Kaka, chukua yasiyo sawa bila kusita. Injini ya gari lako ni ya Subaru, silinda zake zimelala mbili kila upande, na mabomba yakitofautiana urefu mapigo ya moshi hufika kwenye makutano kwa kupishana. Hapo ndipo inapozaliwa ile ngurumo ya Impreza za zamani. Mimi nilikuwa nayo moja niliyouziwa na mjomba wangu Moshi, na mke wangu alikuwa akisikia mlio wake tangu barabara kuu, anabandika maji ya chai, nami nikifika nayakuta yanachemka. Niliiuza nilipopata mtoto wa tatu, na mpaka leo gari la namna hiyo likipita nasimama kulitazama.

Bi Mkunde:
Mwanangu, umeuliza urefu wa mabomba, mimi nakuuliza habari ya majirani. Mama yangu alipotoka hospitali na shinikizo la damu, kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuwa akipita saa nane za usiku na gari lenye ekzosi iliyochezewa, na mgonjwa alikuwa akishtuka hadi anashika kifua. Nguvu za mlimani tafuta, lakini usizitafute kwa usingizi wa watu.

Gereji ya Nyuma:
Ndugu MwanaRuaha, kabla ya urefu wa mabomba kuna jambo la msingi. Kwenye 86 masega ya kwanza (kauri yenye matundu inayosafisha moshi) hayako mbali chini ya gari, yamo ndani ya manifoldi yenyewe, kwa hiyo ukiweka heda tupu, zisizo na masega, unayaondoa pia. Injini hii ya lita 2.0 hutoa nguvu farasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, na kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 ina bonde, yaani nguvu hupungua, ambalo kila mwenye gari hili analijua. Heda nzuri hulijaza bonde hilo, lakini faida yake kubwa hupatikana pale programu ya kompyuta ya injini inaporekebishwa iendane nazo. Hayo ni ya gari lisilo na hitilafu. Gari lililokuwa likipanda vizuri kisha likawa zito halidai heda, lina ugonjwa. Nijibu swali moja tu: taa ya injini imewahi kuwaka?

Kobe Mwendapole:
Mimi na Vitz yangu tunapanda Kitonga nyuma ya lori la mbao, na tukifika juu dereva wa lori huwa ameshatuzoea kama ndugu. Pole sana, mkuu, mwenye mbio nyingi ana mashaka mengi.

MwanaRuaha:
Ndugu Gereji, asante. Taa iliwaka. Ni wiki tatu sasa. Mlimani inawaka na kuzimika kwa haraka, nikifika tambarare inatulia na kubaki imewaka. Fundi alipima akakuta misimbo miwili ya hitilafu, P0302 na P0420, akaifuta, nayo ikarudi. Maelezo yake ni kwamba masega yameziba, na ndiyo sababu ya kuweka heda zisizo na masega. Sikuyataja haya kwa kuwa niliuliza aina ya heda, si habari ya taa. Tena nimeshalipa laki nne kati ya laki tisa, muuzaji ameniambia fedha hairudi, na Ijumaa ndiyo siku ya kuchukua mzigo. Kwa hiyo naomba tubaki kwenye swali: sawa au yasiyo sawa?

Gereji ya Nyuma:
Siwezi kubaki hapo, ndugu yangu, kwa sababu umetaja misimbo miwili na fundi wako amesoma mmoja. P0302 maana yake silinda ya 2 inamisi, yaani haichomi petroli yake ipasavyo. Taa inapowaka na kuzimika, gari linakuambia kwamba petroli isiyochomwa inaingia kwenye ekzosi, inaungulia ndani ya masega na kuyapasha moto kupita kiasi mpaka kauri yake inayeyuka au kupasuka. P0420, ya masega kutosafisha moshi vizuri, imezaliwa na P0302. Ukiweka heda tupu utaona nafuu kwa muda, lakini silinda itaendelea kumisi na petroli ile ile itakwenda kuunguza masega ya pili yaliyo kwenye bomba la mbele, na taa haitazimika, kwa kuwa sensa ya nyuma ya oksijeni itakuwa inaonja moshi ambao haukusafishwa.

Shahidi wa Tatu:
Samahani, wakuu, lakini mimi siamini kisa hiki. Chapisho la kwanza linasema gari halina tatizo, la pili linasema taa imewaka wiki tatu. Mwenzetu amejiunga juzi, ana haraka ya Ijumaa, anataja bei ambayo hakuna aliyemuuliza. Tumeshaona nyuzi za namna hii: kesho atakuja mtu mwingine aseme heda hizo anazo, na kwamba mumtafute faraghani.

Bi Mkunde:
Kama ni biashara mwanangu aseme wazi, kufanya biashara si dhambi.

Ngurumo:
Na mimi naanza kushangaa, maana hata picha moja ya gari hatujaona.

MwanaRuaha:
Sikuja kuuza kitu, na neno hilo limeniuma. Nilificha taa kwa sababu nilijua mtaniambia nisinunue, na fedha ilikuwa imekwisha kutoka. Picha sina, lakini leo saa kumi nimeshinikiza plagi ya silinda ya 2 itolewe, na fundi aliitoa kwa shida kwa vile nafasi kati ya injini na chasisi ni finyu na kiganja kinakwaruzika. Ncha yake imelowa petroli na ni nyeusi, wakati ya silinda ya 4 ni kavu, rangi ya kahawa ya maziwa. Nikiinama nyuma ya gari nasikia harufu ya mayai yaliyooza. Usiku wa Jumapili, baada ya kupanda Kitonga, nilichungulia chini nikaona bati la kukinga joto likiwa jekundu.

Gereji ya Nyuma:
Mtu wa tangazo hawezi kujua rangi ya plagi ya silinda ya 4. Usipande tena mlima na gari hilo. Hamisha koili (inayoipa plagi umeme wa cheche) ya silinda ya 2 uiweke kwenye 4, na ya 4 uiweke kwenye 2, futa misimbo, washa injini. Ikija P0304, yaani sasa silinda ya 4 ndiyo inamisi, mwenye kosa ni koili. Ikibaki P0302, pima mgandamizo, kisha uulize kwa namba ya chasisi kama gari lako lilifanyiwa kazi ya springi za vali, kwa sababu mwaka 2018 Toyota na Subaru waliyaita yarudi kufanyiwa matengenezo magari ya miaka ya mwanzo ya toleo hili kwa ajili ya springi zinazoweza kuvunjika.

Shahidi wa Tatu:
Nimesoma. Naomba radhi, MwanaRuaha.

MwanaRuaha:
Nimekupa radhi, ndugu. Wakuu, leo asubuhi tumehamisha koili, na baada ya dakika kumi imekuja P0304. Nimeagiza koili na plagi nne. Muuzaji amekubali kushikilia boksi la heda hadi mwisho wa mwezi, ila fedha amekataa kurudisha. Masega sijui hali yake.

Gereji ya Nyuma:
Ng'oa sensa ya mbele ya oksijeni injini ikiwa imepoa, upitishe kamera ndogo kwenye tundu lake. Ukiona matundu mazima kama sega la nyuki, rudisha kila kitu mahali pake. Ukiona kauri imeyeyuka, basi hapo ndipo mazungumzo ya heda yanapoanza, na utafute zenye masega.

Ngurumo:
Na ikifika hapo, kaka, yasiyo sawa.