Tupeane uzoefu: mtu aliyekaa ofisini miaka 15 aanze na mchezo gani?

Kitambi cha Mkopo
Wakuu salaam. Juzi umeme ulikatika ofisini, lifti ikagoma, ikabidi nipande kwa miguu hadi ghorofa ya tano. Ya tatu tu pumzi zikakata. Nikatoa simu nikajifanya napokea. Mama wa usafi akanipita na ndoo yake ya maji kichwani, akasema, "Pole baba, ongea taratibu." Kumbe simu nimeishika kichwa chini miguu juu.

Nina miaka 44, kilo 97, na presha imeanza kunichungulia. Daktari kasema nitafute mchezo mmoja nitakaoupenda, niushike. Mchezo wa mwisho kucheza ulikuwa gololi. Jimu nililipia miezi mitatu, nikaingia siku nne. Mlioanza ukubwani, mlianza na nini, na yakawakuta yapi?

Mtoto wa Temeke
Tembea. Uzi ufungwe.

Mama Mapacha
Mimi nilianza na jogging ya mtaani kwetu Tabata, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Mbele kuna mzee na filimbi, nyimbo ni zilezile za mchakamchaka wa shule ya msingi, na sisi wanene tunawekwa katikati tusionekane tunaachwa. Siku ya kwanza niliishia kona ya gereji, nikapakiwa kwenye kirikuu cha maji pamoja na madumu. Hakuna aliyecheka. Mwezi wa tatu nikawa nafika mwisho kwa miguu yangu.

Ila ukweli usemwe: mwisho wenyewe ni kwenye supu ya makongoro na chapati mbili. Nimekimbia mwaka mzima, nimeongezeka kilo nne.

Mrundi wa Kariakoo
Kukimbia kwa vikundi na nyimbo ni mambo ya kwetu hayo. Bujumbura Jumamosi asubuhi vilima vinaimba. Mwaka 2014 serikali ilizuia vikundi kukimbia ovyo mitaani, ikataka watu waende viwanjani, kisa siasa. Nyie hamzuiwi na mtu, mnazuiwa na supu.

Mtoto wa Temeke
Mambo ya kwenu? Mchakamchaka tumekimbizwa toka darasa la kwanza, tena pekupeku. Usituletee.

Winga Mstaafu
Nilishaapa sitaandika, ila nimeona hilo neno "ukubwani", kisigino kikanitekenya. Mwenye uzi, chonde chonde, usianze na mpira wa maveterani.

Nilikuwa na miaka 41, sijagusa mpira tangu chuo. Bonanza, Kigamboni, uwanja wa mchanga. Nimefika nimechelewa kutoka kanisani, wakaniambia vaa jezi ingia namba saba. Kupasha sikupasha hata dakika moja. Dakika ya sita nikatanguliziwa pasi pembeni, nikasema moyoni leo watanikumbuka. Nikachomoka. Hatua ya tatu nikasikia PAA! kama ubao umepasuka, na teke zito juu ya kisigino. Nikaenda chini, nikageuka nimtukane beki. Beki yuko kulee, ameinama anafunga kamba za viatu. Nyuma yangu hakuna mtu.

Nikapakiwa kwenye bodaboda, mshikaki, mimi wa katikati. Nyumbani mama mkwe akasema msuli umeshtuka tu, akaitwa mzee wa kuchua. Wiki mbili nzima nachuliwa kwa mafuta ya nyonyo na maji ya moto, mtu mzima nalia, watoto wananichungulia dirishani.

Wiki ya tatu ndiyo nikaenda hospitali. Daktari akanilaza kifudifudi, miguu inaning'inia nje ya kitanda. Akaminya nyama ya nyuma ya mguu mzima, unyayo ukajinyoosha wenyewe. Akaminya wa pili. Unyayo ukatulia kama samaki wa gengeni. Akasema, "Mzee, mshipa wa kisigino umekatika." Nikapasuliwa, nikafungwa hogo, nikaishi na magongo. Huu mwaka wa tatu, na mguu wa kushoto bado siwezi kusimamia vidole.

Mpinga Chai
Chai hii. Mshipa unakatikaje bila kuguswa? Ungesema ulikanyaga shimo tungekuelewa.

Winga Mstaafu
Njoo Kigamboni nikuonyeshe kovu. Nauli ya pantoni nalipa mimi.

Mpinga Chai
Kovu hata la mbwa ni kovu.

Fizio wa Uswahilini
Siyo chai. Hiyo ni kano ya kisigino, na wanaokatika sana ni hao hao: wanaume wa miaka 30 hadi 50, wiki nzima kwenye kiti, Jumapili wanachomoka kama vijana. Wengi wao wanakwambia walipigwa teke. Ukisikia mlio huo usikubali kuchuliwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mwenye uzi, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za zoezi la wastani. Wastani maana yake unahema lakini kuongea unaweza. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo.

Mama Mapacha
Kwa hiyo sisi tunaoimba njia nzima tunafanya nini?

Fizio wa Uswahilini
Kwaya.

Mpemba Mtulivu
Nyinyi wa bara mwajitesa bure. Bahari ipo, haina kiingilio, na goti halilalamiki ndani ya maji. Mimi nimejifunza kuogelea nina miaka 38, mwanangu ndiye mwalimu. Ila ujue maji. Yakiwa yanatoka usijitie, hasa bamvua, siku maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, yatakuvuta. Ingia yakiwa yanajaa, na usiende peke yako.

Baiskeli ya Baba
Nipo Shinyanga. Nasoma humu watu wa Dar wanaulizana kama baiskeli ni mchezo mzuri. Huku naendeshea kwenda kazini, narudi na gunia la mkaa nyuma, na hakuna aliyewahi kunipongeza.

Dada Senta
Mbona netiboli haijatajwa? Au mnaogopa wanawake watawaacha? Njooni Jumamosi, nafasi ya GK, mlinda goli, ipo, hukimbii sana.

Mtoto wa Temeke
Kusimama ghafla na mpira mkononi, magoti ya kilo 97 hayo? Mtatuulia mtu. Nimesema atembee.

Kitambi cha Mkopo
Nawashukuru. Mrejesho: nimenunua raba za mtumba Karume, leo alfajiri nimetembea Daraja la Tanzanite kwenda na kurudi. Kilomita mbili na chenji. Nilisimama mara tatu, ila safari hii nilijifanya naangalia bahari. Kesho narudi. Netiboli nitafikiria nikishuka hadi 90.

Winga, pole sana ndugu yangu. Hukusema mechi iliishaje.

Winga Mstaafu
Tulifungwa tatu moja. Na mimi nikiwa bado chini, refa alinionyesha kadi ya njano, eti nimejirusha.

Mpinga Chai
Hapo sasa nimeamini.