Naomba ushauri: familia ya Uyole kwenda Unguja mwezi wa saba

Wakuu, habari za jioni. Niko Uyole, Mbeya, baridi ya huku mnaijua. Mwezi wa saba nataka kumpeleka mama watoto na vijana wawili (miaka 6 na 11) Unguja kwa siku tano. Bahari hawajawahi kuiona, wanajua ufukwe wa Matema tu, Ziwa Nyasa kule Kyela.

Kinachonitesa ni boti. Najua kutoka Dar ni kama saa mbili, ila majira hayo upepo wa kusi unavuma na mawimbi yanakuwa makubwa. Wife hutapika hata kwenye basi, tena tukishuka mlima Kitonga kule Iringa ndiyo usiseme. Waliovuka naye mtu wa namna hiyo, mlimsaidiaje? Tangawizi, dawa, au kukaa nyuma chini? Ndege kwa watu wanne mfuko wangu haujafika huko.

La pili, Paje au Nungwi? Naambiwa Paje maji yakipwa yanakwenda mbali sana, unatembea mchangani mpaka uchoke. Sisi wa ziwani tumezoea maji yanayokaa mahali pake! Nungwi nasikia unaogelea muda mwingi, ila watoto watafurahi wapi zaidi?

Pia mavazi. Mjini Mkongwe tutajisitiri, hilo halina mjadala. Masweta tunayaacha Dar kwa shemeji.

Mwenye kujua gesti safi yenye jiko, aje inbox.