Samaki wa maji chumvi wanakufa ghafla Kisumu: kopa, peroksaidi, klorokwini ama kupunguza chumvi?

majichumvi_ksm
Wadau habari za jioni, naomba msaada haraka. Niko Kisumu, tanki ni lita 240, imekaa miezi 11 bila shida yoyote. Nilikuwa na klaunifishi wawili, damseli watatu, kitatange mmoja, halafu siku tisa zilizopita nikaongeza kangaja wa bluu aliyekuja na basi ya usiku kutoka Mombasa. Nilimuweka moja kwa moja na wenzake, sikumtenga, hilo kosa ni langu. Jumatano usiku stima ilipotea kama masaa manne. Alhamisi kangaja akaanza kukaa mbele ya pampu maji yanampiga usoni, anapumua mbio mbio, chakula hataki. Ijumaa asubuhi nikampata amekufa, jioni damseli mmoja, leo nimeamka nikapata damseli wa pili na kitatange wamelala chini ya mawe. Wamebaki watatu. Kamba yuko sawa, konokono wako sawa, hata matumbawe yamefunguka vizuri. Amonia ni 0, chumvi 1.025, joto 28. Nimesoma hadi macho yanauma na nimepata njia nne, kopa (yaani madini ya shaba), peroksaidi, klorokwini, kupunguza chumvi ya maji, na kila mtu anaapa kwa yake. Ingekuwa ni nyinyi mngeanza na gani leo usiku? Hawa klaunifishi binti yangu amewapa majina, siwezi kukaa nikiwaangalia tu.

nakuru_matumbawe
Pole sana kaka. Kabla ya dawa yoyote mimi naangalia hiyo stima kwanza. Maji chumvi yanashika oksijeni kidogo kuliko maji matamu, kwa nyuzi 25 pale Mombasa maji chumvi yakijaa ni kama miligramu 6.7 kwa lita, maji matamu ni 8.2. Sasa toa ya mwinuko. Kisumu mko zaidi ya mita 1,100 kwa hivyo mmepoteza kama asilimia 12, sisi Nakuru tuko karibu 1,850 tunapoteza kama asilimia 20, na hayo maelezo tunayosoma mengi yameandikwa na watu wanaoishi kando ya bahari. Nilipoteza samaki watano usiku mmoja kwa sababu hiyo tu, pampu ilizima na mimi nikalala. Nunua pampu ya hewa ya betri, ile inawaka yenyewe stima ikienda.

mama_wa_klauni
Na je, mlipuliza dawa ya mbu kwa nyumba? Nauliza kwa sababu huku Kakamega jirani alipuliza ile ya mkebe sebuleni, pampu ya hewa ikavuta yote ikaingiza kwa maji. Hizo dawa za mbu nyingi ni pairethroidi, kwa samaki ni sumu kali na kwa kamba ni mbaya zaidi.

majichumvi_ksm
Hapana dada, sisi tunatumia neti tu. Na hakuna mtu amepaka rangi wala kuosha kioo na sabuni, nimeuliza wote.

mzee_wa_dunga
Basi kijana, jibu umeshaandika mwenyewe. Kamba yuko hai. Kama ingekuwa sumu ya mbu kamba angetangulia. Kama ingekuwa oksijeni, samaki wangekufa usiku ule ule wa Jumatano, wakubwa kwanza, na stima ikirudi waliobaki wangepata nafuu. Wako wanakufa mmoja mmoja kwa siku mbili tatu na wasio na uti wa mgongo hawajaguswa. Huo ni ugonjwa wa samaki, na uliingia na kangaja.

Sasa ni ugonjwa gani. Vidoa vyeupe, ile Cryptocaryon, ungeviona kama punje za chumvi kwa mapezi, vinakuja vinapotea vinarudi wengi zaidi, mara nyingi unapata wiki moja mbili za kuhangaika. Brooklynella inapenda sana klaunifishi na inaacha utando mwingi unaochubuka kama ngozi iliyoungua, wako ndio wamebaki kwa hivyo sidhani. Kuua haraka hivi, kupumua mbio na kujisukuma kwa mkondo wa pampu, hiyo kwangu ni velveti, kimelea kinaitwa Amyloodinium. Inashika mashavu kwanza, samaki anaweza kufa kabla hujaona hata doa moja. Zima taa zote leo usiku, chukua tochi, mmulike samaki kutoka ubavuni. Ukiona vumbi la rangi ya dhahabu kama unga laini, usingoje kesho.

maabara_busia
Naongezea hapo kwa mzee. Kama kuna mmoja amekufa sasa hivi, ndani ya saa moja, usimtupe. Kata kipande kidogo cha tamvua (ile nyama nyekundu ya kupumulia ndani ya shavu), weka kwa kioo na tone la maji ya tanki (si maji ya bomba, vijidudu vinapasuka), funika, nenda kwa maabara yoyote iliyo karibu wakuangalizie na ile maikroskopu ya malaria. Huhitaji ile lenzi ya mafuta, ukuzaji wa mara 100 unatosha kabisa. Velveti ni vitu vya mviringo vyeusi-kahawia vimejishikilia kwa tamvua na havitembei. Cryptocaryon inazunguka polepole hapo hapo ilipo, utaona vinyweleo vyake vinacheza. Brooklynella ni kama maharagwe madogo yanaogelea huku na huku. Mimi hiyo kazi nafanya kila siku kwa damu ya watu na nakwambia samaki ni rahisi kuliko malaria. KMFRI, wale watafiti wa serikali wa bahari na uvuvi, pia wako na kituo hapo Kisumu lakini leo ni Jumamosi.

majichumvi_ksm
Damseli wa tatu amekufa saa moja jioni. Nilimpeleka mbio kwa rafiki aliye na maabara ndogo hapa mtaani. Ni mviringo, rangi ya kahawia, imejaa kila tamvua na hakuna inayotembea. Na kwa tochi klaunifishi wote wawili wako na hilo vumbi. Nina ndoo, nina tanki tupu ya lita 40 na hita ndogo. Niambieni.

bungoma_reef
Bro weka kopa kwa tanki kubwa sasa hivi, unapoteza muda, mimi ndio nilifanya na klauni wangu walipona.

mzee_wa_dunga
Usifanye hivyo. Kopa itaua kamba, konokono na matumbawe, na mawe pamoja na mchanga wa chokaa vitainyonya, kwa hivyo leo kipimo kinasoma sawa, kesho kimeshuka, vimelea vinaendelea kuzaana, na baadaye hutaweza kuweka kamba humo kwa muda mrefu. Bungoma nafurahi wako walipona ila gharama yake ni tanki nzima. Samaki ndio wanatoka, tanki inabaki.

nakuru_matumbawe
Nakubali, mzee umenishinda kwa ile ya oksijeni. Lakini kwa dawa nitatofautiana na wewe kidogo.

Kupunguza chumvi hadi 1.009 niliwahi kufanya na inafanya kazi vizuri kwa vidoa vyeupe, samaki hawateseki, kamba, konokono na matumbawe ndio hawawezi. Kwa velveti usijaribu, hicho kimelea kinaishi hata kwa maji yenye chumvi kidogo sana, utapoteza siku tatu ambazo huna. Ile ya kuhamisha samaki tanki hadi tanki kila baada ya masaa 72 pia ni ya vidoa vyeupe, si ya hii. Kuogesha kwa maji matamu dakika tano kunaangusha baadhi ya vimelea na kunampa samaki pumzi, ila ni nafuu ya muda tu. Mimi ningetumia klorokwini fosfeti, miligramu 15 kwa lita, dozi moja, taa zimezimwa. Haichomi samaki kama kopa na huhitaji kupima kila saa.

mama_wa_klauni
Klorokwini ataitoa wapi usiku huu? Kenya iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria tangu 1998, kemisti wengi hata hawaijui tena. Na tafadhali mtu asimwambie aweke AL ama dawa ingine ya malaria ndio iwe badala yake, hizo si kitu kimoja. Peroksaidi anaipata sasa hivi kwa kemisti yoyote ya pale mjini.

maabara_busia
Kweli dada. Hesabu ya peroksaidi ndio hii, na rudia mara mbili kabla ya kumimina. Unataka miligramu 150 kwa lita. Ile ya asilimia 6 ina miligramu 60 kwa kila mililita, kwa hivyo ndoo ya lita 10 ya maji chumvi masafi inataka mililita 25. Kama chupa imeandikwa asilimia 3 ni mililita 50. Pima kwa sindano, usikadirie. Joto liwe sawa na la tanki, jiwe la hewa lipulize kwa nguvu, dakika 30, na usiondoke hapo, samaki akilala ubavu mtoe. Akitoka aende tanki ya lita 40, asirudi kubwa hata sekunde moja.

mzee_wa_dunga
Na hiyo lita 40 uiweke mbali, mita tatu ama chumba kingine, kwa sababu velveti inasafiri na matone madogo ya maji hewani. Neti na ndoo zisichangiwe.

Baada ya peroksaidi ndio kopa sasa. Elewa kwa nini vyote viwili: kopa haiui kimelea kilicho juu ya samaki, inaua vile vitoto vinavyoogelea vikitafuta samaki mpya, na kimoja kikianguka chini kinaweza kugawanyika vitoke 256. Kama umepata kopa ya akwariamu ya dukani fuata chupa, kwa sababu zile zilizofungwa kemikali zinakaa miligramu 2 hadi 2.5 kwa lita na hizi za kawaida ziko chini sana, ukichanganya hizo namba unaua samaki. Kama huna, mrututu (kopa salfeti) safi wa maabara unafaa, si ile dawa ya nyanya ya agroveti, ile ina vitu vingine. Gramu 4 za mrututu kwa lita moja ya maji ya betri yasiyo na asidi, unapata karibu miligramu moja ya kopa kwa kila mililita. Lita 40 ukitaka miligramu 0.20 kwa lita ni mililita 8, lakini gawanya, weka 4 leo na zingine polepole kwa siku mbili. Pima asubuhi na jioni. Ikishuka chini ya 0.15 umeanza upya. Bila kipimo cha kopa usianze kabisa, bora umfuate nakuru utafute klorokwini Jumatatu.

majichumvi_ksm
Kipimo cha kopa ninacho, kilikuja na kile cha amonia. Mrututu rafiki wa maabara anao. Naenda.

majichumvi_ksm
Siku ya tatu. Klauni mdogo alikufa masaa mawili baada ya peroksaidi, alikuwa amechoka sana hata kabla hajaingia. Yule mkubwa anapumua polepole na jana jioni amekula kipande cha kamba. Kopa 0.17. Shida sasa ni amonia, tanki mpya haina bakteria, imefika 0.5. Nina ile dawa ya kufunga amonia, niweke?

nakuru_matumbawe
Hapana! Hiyo pamoja na kopa inaweza kuifanya kopa iwe sumu zaidi. Badilisha maji lita 15, na hayo mapya yawe na kopa tayari kiwango kile kile, chakula punguza.

majichumvi_ksm
Siku ya 16. Kopa haijawahi kushuka chini ya 0.16, klauni anakula mara mbili kwa siku na amerudi kunigonga vidole nikiweka mkono. Kesho namhamisha kwa maji safi bila dawa, halafu nasubiri. Tanki kubwa itakaa bila samaki wiki sita, si ndiyo? Kamba namlisha kidogo tu ndio bakteria wasife.

mzee_wa_dunga
Wiki sita kwa velveti, joto likiwa 27 hivi, usipunguze hata siku moja. Ingekuwa vidoa vyeupe ningekwambia siku 76. Na kangaja mwingine akija, ukifungua mfuko usimkalishe humo ukidondosha maji masaa mawili. Safari ya usiku kucha mfuko una amonia, hewa ikiingia asidi inapungua na amonia inageuka kali hapo hapo. Sawazisha joto, pima chumvi ya maji, mtoe kwa neti aende karantini.

mama_wa_klauni
Binti ameambiwaje kuhusu yule mdogo?

majichumvi_ksm
Tulimzika pamoja chini ya mwembe. Ameniomba yeye ndiye awe anasoma kipimo cha kopa asubuhi kabla ya shule, na ameandika namba zote kwa daftari lake, siku 16, asubuhi na jioni.