Fundi kabadili anwani zote za websaiti yangu, linki zimekufa na huu ndo msimu wa kupulizia!!

Wakuu salama? Mimi hapa nina hasira mpaka nakosea kutaipu.

Niko Mtwara mjini, nauza spea za mashine za kupulizia mikorosho, na sasa hivi watu wanapambana na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, mashine ikizingua shambani Tandahimba au Newala huko mtu hana muda wa kuja mjini kuulizia, anafungua linki niliyotuma kwenye grupu la WhatsApp, anaona spea na bei, analipia, mzigo unapanda basi. Sasa kuna fundi nikampa kazi ya kuipendezesha websaiti, rangi na picha BASI. Jamaa kabadili anwani za kurasa zote! Ilikuwa /spea/kabureta, saa hizi ni /bidhaa/kundi/7/kabureta, ya zamani ukibonyeza unakula 404, yaani ukurasa haupo. Na hizo za zamani ziko kwenye magrupu, ziko Google, ziko kwenye stika nilizobandika kwenye mashine za watu. Nani atazifuata huko?

Namuuliza mbona hukuweka 301, yaani seva iseme ukurasa umehama jumla uko huku, ananijibu "wateja waanzie homu watafute", yaani ukurasa wa mbele wa websaiti. Njomba, mtu yuko shambani salfa mpaka puani, bando lenyewe la kuunga, aanze kutafuta?

Nilivyombana akafanya maajabu zaidi, kila anwani ya zamani kairusha homu, mtu anabonyeza kabureta anatua kwenye picha kubwa ya bichi (bichi ya nini sasa, mimi nina hoteli?). Na Google ukiwafanyia hivyo wanahesabu ukurasa haupo tu.

Picha ndo usiseme. Zingine linki yake inaanza na http://localhost, yaani simu ya mteja inajitafutia picha ndani yake yenyewe! Zingine faili linaitwa Kabureta.JPG yeye kwenye ukurasa kaandika kabureta.jpg, kwenye Windows yake inapita, seva ni Linux, herufi kubwa na ndogo kwake vitu viwili tofauti. Ukimwambia, "mbona kwangu zinafunguka braza". Wateja wangu wanaishi kwenye laptop yako?

Na nani alisema sura mpya lazima ije na anwani mpya? Tim Berners-Lee aliyebuni wavuti kaandika tangu 1998 kwamba anwani ukishaitoa usiibadilibadili. Haya umebadili, basi elekeza kila ya zamani kwa mwenzake mpya, mistari ya kwenye .htaccess tu hiyo, faili la maelekezo ya seva, maana programu ya seva yangu ni Apache, na uiache, Google wenyewe wanashauri angalau mwaka 1.

Hela iliyobaki simpi. Kama kuna mtu Mtwara au Lindi anazijua hizi 301 aje inbox, orodha ya anwani za zamani ninayo, malipo yapo, ila asiniletee habari za homu.